Kasri la Addis, Kiti cha Warszawa: Kumsoma tena Kapuściński

Kuna mtu mmoja ndani ya The Emperor, kitabu cha Mpolandi Ryszard Kapuściński, ambaye simsahau. Kazi yake katika kasri la Haile Selassie, kwa miaka kumi, ni kushika kitambaa cha satini na kufuta viatu vya waheshimiwa kila mbwa wa mfalme anapovikojolea. Waheshimiwa wenyewe hawathubutu hata kushtuka. Mara ya kwanza nilicheka peke yangu. Mara ya pili nikauliza swali la mwandishi wa habari: kwani haya nani alimwambia?

Kitabu kilitoka Polandi mwaka 1978, miaka minne baada ya mfalme kupinduliwa (mimi nimekisoma katika tafsiri ya Kiingereza ya 1983). Kinajileta kama sauti za watumishi na maofisa wa kasri, majina yao yakiwa yamefichwa nyuma ya herufi. Lakini wasomaji wengi wa Polandi hawakukisoma kama habari za Addis Ababa. Walimwona Edward Gierek, katibu wa kwanza wa chama chao cha kikomunisti.

Hapo lazima turudi nyuma kidogo. Desemba 1970 serikali ilipandisha bei ya vyakula. Wafanyakazi wa Gdańsk, Gdynia na Szczecin wakaandamana, wakapigwa risasi, makumi wakafa. Gomułka akaondoka, akaja Gierek na maneno matamu na mikopo ya Magharibi. Viwanda vikajengwa, Fiat ndogo zikajaa barabarani. Halafu madeni yakaiva. Juni 1976 bei zikapandishwa tena, watu wa Radom na Ursus wakagoma, virungu vikatembea, na Septemba wasomi wakaunda KOR, kamati ya kuwatetea wafanyakazi waliofukuzwa na kufungwa. Kufikia 1980 deni la nje lilikuwa limepita dola bilioni 20.

Sasa rudi kitabuni. Mfalme mzee anaanza kuhubiri maendeleo. Fedha za wageni zinaingia, miradi inazinduliwa, mikoani watu wanakufa njaa, na anayepanda cheo ni mtiifu, si mwenye akili. Msomaji wa Warszawa alihitaji kuelezwa nini zaidi? Na mdhibiti, ambaye kila andishi lilipita mezani kwake, angefanyaje? Kukikata ni kukiri kwamba amemtambua bosi wake ndani ya kasri la mtu mwingine.

Sisi mchezo huu tunaujua. Shaaban Robert aliandika Kusadikika chini ya mkoloni, kikatoka 1951, na nchi yake akaiweka angani. Ila hapo ndipo ninapogombana na Kapuściński. Kusadikika haina wananchi wa kulalamika. Ethiopia inao. Kitabu kinadai mfalme hakuwa mtu wa kusoma wala kuandika, wakati inajulikana alikuwa msomaji mzuri. John Ryle, Mwingereza, alianika makosa ya aina hiyo mwaka 2001, na wasifu alioutoa Artur Domosławski mwaka 2010 ukazidisha maswali (mjane alikwenda mahakamani kuuzuia, akashindwa). Wapolandi walipata kioo chao; Waethiopia wakabaki wamevalishwa nguo za watu wengine. Na dunia nzima, isiyojua habari za Gierek, ikakisoma kama ripoti tu kutoka Afrika.

Lakini bado sikitupi, na sababu yenyewe hainifurahishi. Kapuściński hakuwa mpinzani aliyechungulia dirishani. Alikuwa mwanachama wa chama hadi 1981. Shirika la habari la serikali ndilo lililompeleka Afrika, akaishi hata Dar es Salaam mwanzoni mwa miaka ya 60. Pasipoti yenyewe wakati ule ilikuwa hisani ya wakubwa. Yaani ile lugha ya kunyenyekea, ile sauti ya mtumishi anayesifu huku akiogopa, hakuihitaji kuitafuta Addis. Alikuwa nayo kichwani. Ukurasa wa wale wanaogombea kuonekana na mfalme asubuhi nimeusoma nikiwa nimeinama, maana nami nimeandika habari za uzinduzi, nikaanza na jina la mgeni rasmi na kuacha swali la bei hadi aya ambayo mhariri huikata.

Kwa hiyo mimi nakiweka kwenye rafu ya riwaya, upande wa Polandi, na yeyote anayetaka kujua Ethiopia ya 1974 namwelekeza kwa Waethiopia na wanahistoria.

Agosti 1980 kiwanda cha meli cha Gdańsk kiligoma, Solidarność ikazaliwa, na Septemba Gierek akaondolewa. Kapuściński alikwenda pwani ile, akaandika juu ya wagomaji kwa majina ya miji yao. Kurasa zile ni fupi na hazina hata mbwa mmoja. Mimi nazipenda kuliko kasri lote.