Sifa ya Daftari

Bahari ya Mafia ikichafuka hata vyombo vya kwenda Nyamisati visithubutu kung'oa nanga, msafiri aliyekwama Kilindoni hana budi kuutafutia usiku wake shughuli. Nami katika usiku mmoja wa namna hiyo niliingia banda la video nikaitazama The International, filamu ya mwaka 2009 aliyoiongoza Tom Tykwer, inayosimulia habari za benki ya Ulaya iliyojitia katika biashara ya silaha ili madeni ya mataifa yawe kamba mkononi mwake. Vijana waliokaa mbele yangu walishangilia risasi zilipomiminika katika jumba la makumbusho la Guggenheim, New York. Ni filamu ya ustadi, wala sina la kuipunguzia. Lakini nilipotoka nje penye upepo, fikira zangu zilikuwa kwa watu ambao hadithi iliwapita mbio, yaani makarani na wakaguzi wa hesabu.

Benki ile ya hekaya ina kivuli cha kweli, nacho ni BCCI, benki iliyosajiliwa Luxembourg na kuenea katika mabara, ambayo milango yake ilifungwa tarehe 5 Julai 1991. Haikuangushwa na bastola. Wakaguzi wa Price Waterhouse, ambao kwa miaka kadhaa walikuwa wameziidhinisha hesabu zake, na hilo ni doa lisilofichika, hatimaye mwezi Juni waliikabidhi Benki Kuu ya Uingereza ripoti iliyoonyesha jinsi hadaa ilivyosukwa, na siku chache baadaye ngome nzima ikawa gofu.

Kuistahi kazi hii nilijifunza papa hapa kisiwani, katika ghala la mbata, kwa mzee mmoja aliyekuwa karani wa mizani. Gunia likishatundikwa kwenye kulabu, husubiri mpaka mshale utulie kabisa. Huandika uzito mzima, hutoa uzito wa gunia tupu, kisha huandika unaobaki, kila tarakimu katika safu yake, kwa wino. Jioni hujumlisha safu kutoka juu kwenda chini, akarudia kutoka chini kwenda juu, na hafungi daftari mpaka majumlisho mawili yamekutana. Lakini kilichonishangaza zaidi ni namna anavyolitendea kosa. Hafuti. Huweka rula, akapitisha mstari mmoja mwembamba juu ya tarakimu iliyokosewa, akaandika iliyo sahihi kando yake na kutia herufi za jina lake, ili yeyote atakayekuja baadaye aweze kusoma yote mawili, kosa na sahihisho. Nilimwuliza kwa nini asitumie kifutio, akaniambia kwamba mahali palipofutwa hapana shahidi.

Kazi hiyo hiyo ya ghalani ndiyo iliyofanyika Dar es Salaam mwaka 2013, kwa kipimo kikubwa zaidi. Serikali ilikuwa ikitafuta mkopo wa dola milioni 600 kwa kupitia Stanbic ya Tanzania na nduguye Standard Bank ya London. Ada ikapandishwa kutoka asilimia 1.4 hadi asilimia 2.4, na asilimia 1 iliyozidi, ambayo ni dola milioni 6, ikalipwa kampuni moja ya humu nchini ambayo haikuonekana dhahiri ilifanya kazi gani. Mwezi Machi fedha ziliingia katika akaunti, na katika muda wa siku kumi hivi sehemu kubwa ilikwisha kutolewa taslimu. Fedha ya mshauri wa kweli ina mwendo wake: hulipa mishahara, hulipa pango, hulipa kodi, hukaa. Hii ilikimbia, na watumishi wa benki waliouona mwendo ule wakashtuka, wakapeleka habari kwa wakubwa wao. Mwezi Aprili benki ya London ikajipeleka yenyewe kwa taasisi ya Uingereza inayochunguza udanganyifu mkubwa, na tarehe 30 Novemba 2015 Jaji Brian Leveson akaridhia mapatano, ya kwanza ya aina yake nchini humo, ambayo kwayo benki ilitozwa faini ya dola milioni 16.8 kwa kushindwa kuzuia rushwa, na Tanzania ikarudishiwa dola milioni 6 pamoja na riba. Watumishi wale ni mashujaa kwangu kuliko mpelelezi yeyote wa filamu, na silaha yao ilikuwa taarifa ya akaunti.

Tena katika shauri la rada ambayo Tanzania iliuziwa, kosa ambalo kampuni ya BAE ya Uingereza ilikiri mwaka 2010 lilikuwa la kutoweka hesabu sawasawa. Wengi walilalamika kwamba faini ya pauni 500,000 ni ndogo mno, nami ni mmoja wao, hata baada ya pauni milioni 29.5 kuletwa kwa ajili ya vitabu na madawati ya shule. Ila sikubaliani na wasemao kwamba kosa lenyewe lilikuwa la makaratasi tu, maana ni katika makaratasi hayo wananchi wangeliuona wizi kabla haujatendeka.

Asubuhi bahari ilitulia. Nikielekea gatini nilipita ghalani, nikamkuta mzee amekwisha kuanza, na kijana mchukuzi, jasho likimtiririka, akimhimiza aandike upesi kwa kuwa jahazi linangoja. Mzee aliinua kiganja bila kugeuza uso. Mshale ulikuwa bado unacheza.