Walezi wa Vijiti

Kando ya barabara za Dar es Salaam, wauza miche huanza kazi mapema. Tawi la waridi lililokwisha kuchanua, unene wa penseli, hukatwa mshazari chini ya jicho, kipande cha sentimita 15 hivi. Majani ya chini huondolewa, kijiti kikachomekwa kwenye kiriba chenye mchanga na samadi iliyooza vizuri. Kisha kivuli, na kungoja wiki 4 hadi 8. Maji yakizidi, kinaoza. Ukikisahau siku ya jua kali, kinakauka. Vingi hufa.

Nilimwona mama mmoja aking'oa mwiba kidoleni kwa meno, mkono wa pili ukiendelea kushindilia udongo. Jioni tunapita sisi, tunachagua mche uliochanua, tunaomba kupunguziwa bei.