Polisi Wakisimulia, Sisi Tuhariri

Chuoni, kabla sijaacha, tulifundishwa kuiuliza hadithi yoyote: nani katenda, kwa nini, na mbona niamini? Hebu tuiulize hii ya polisi wa Kenya kuhusu Arshad Sharif, mwanahabari mpekuzi kutoka Pakistan aliyepigwa risasi Kajiado usiku wa tarehe 23 Oktoba 2022.

Msuko wao ni huu. Gari limeibwa Nairobi, ndani mna mtoto. Polisi wanaweka kizuizi. Linatokea gari, halisimami, wanalimiminia risasi. Kumbe walilifananisha!

Ningekuwa mhariri ningeirudisha. Gari lililoibwa lilikuwa Mercedes Sprinter, Sharif alikuwa ndani ya Land Cruiser. Mtoto yeyote wa Kibokoni atakwambia tofauti. Halafu, kama kweli uliamini mna mtoto ndani, risasi za nini?

Tena stori yenyewe imeanzia katikati. Haisemi kwamba Sharif alitoroka kwao Agosti mwaka ule, akikabiliwa na kesi za uchochezi baada ya kulikosoa jeshi. Wachunguzi wa Pakistan waliandika Desemba kwamba mauaji yalipangwa. Sawa, lakini hao nao ni wasimulizi wenye lao: waliomfukuza walikuwa huko huko kwao.

Sisi wa Mombasa tunaijua fani hii. Sheikh Aboud Rogo aliuawa kwa risasi tarehe 27 Agosti 2012, mkewe akiwa naye garini. Polisi walikana. Si lazima uwe ulipenda mawaidha yake, mimi sikuyapenda, ila kwenye baraza za Mji wa Kale watu bado wanauliza nani alimuua. Wanajibiwa "watu wasiojulikana", yaani mhusika mkuu hana jina.

Ndiyo maana naiheshimu hukumu ya Jaji Stella Mutuku, Kajiado, tarehe 8 Julai 2024, katika kesi ya mjane wa Sharif, Javeria Siddique. Alisema kumpiga risasi kulivunja sheria na haki ya kuishi, akaamuru familia ilipwe shilingi milioni 10 na upelelezi ukamilishwe. "Aliuawa na" ikapata jina: polisi. "Walitumwa na", kama walitumwa, bado haina.

Siku nyingine ukisikia "walifananisha", usiseme "maskini" ukapita. Uliza walimfananisha na nani, na hilo gari walilokuwa wakilitafuta lilikuwa la aina gani.