Barua «Antiquum ministerium» na mashirika yaliyozaliwa wakati wa ugonjwa

Barua ya Papa Fransisko iitwayo «Antiquum ministerium» ilitolewa tarehe 10 Mei 2021, na tarehe 13 Desemba mwaka ule ule Roma ikatangaza kitabu cha ibada ya kuwasimika wakatekista. Wengi wetu tuliisoma upesi, tukafurahi kwa sababu kazi ya mwalimu wa dini imepata heshima yake mbele ya Eklezya yote, kisha tukaiweka katika kabati. Mimi nimeirudilia kwa ulizo moja tu: ingewasaidia nini wale walioongoza sala katika viwanja mwaka 2020, wakati milango ya makanisa ilipofungwa?

Tukumbuke mambo yalivyokuwa. Mugonjwa wa kwanza wa Covid katika Kongo alitangazwa tarehe 10 Machi 2020. Tarehe 18 Rais wa Jamhuri alikataza mikutano ya watu wanaozidi 20, akafunga masomo na nyumba za sala, na makanisa hayakufunguliwa tena mpaka tarehe 15 Agosti. Pasaka ikapita, Pentekoste ikapita. Kule Kivu ya Kaskazini na Ituri watu walikuwa wangali katika Ebola, iliyotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na kwisha tarehe 25 Juni 2020, ikiisha kuua watu 2,287. Katika miezi ile, mutu aliyekusanya jamaa mbili tatu chini ya muembe, akasoma Injili na kuombea wagonjwa, hakungoja barua ya mutu. Hivi shirika jipya likaanza pahali palipokuwa na majirani tu.

Barua ina mazuri mengi. Inataka wanaume kwa wanawake wenye imani ya kweli na akili pevu, wanaojua kupokea watu. Inakataza pia kumugeuza mulayiki kuwa padri mudogo, na kwetu neno hilo halikuja bure. Tena maelezo yaliyotumwa pamoja na kitabu cha ibada yanapambanua wakatekista wa namna mbili: wale wa kufundisha dini tu, na wale wanaoongoza sala ya siku ya Mungu padri asipokuwapo, wanaotazama wagonjwa, wanaozika wafu, wanaotayarisha wakatekista wengine. Kusoma sehemu ile, ungesema mwandishi alipata kutembea katika misioni za Kasongo.

Lakini juu ya kuwafundisha watu hao, barua inasema kidogo sana: wapate mafundisho ya Biblia, ya teolojia, ya uchungaji na ya malezi, na maaskofu wa kila inchi wapange njia. Ni haki kuwaachia maaskofu. Hatari ni kwamba sisi tutajaza nafasi ile kwa desturi yetu ya zamani: katekista anaacha muji wake pamoja na muke na watoto, anakaa katika kalasi, anarudi na cheti. Masomo hayo yanatoa walimu wazuri wa katekismu. Kuanzisha shirika ni kazi nyingine. Inataka kujua jamaa gani hazisalimiane na kwa nini, kumupima mutu wa pili atakayeshika kazi kesho, kumunyamazisha kwa upole yule anayeuza miujiza.

Tena inataka kujua kuzika. Hapa sitapita upesi. Maiti ya mutu aliyekufa na Ebola ina ugonjwa hata kuliko mugonjwa mwenyewe, na desturi yetu ni kuosha na kugusa. Walipokuja watu wenye mavazi meupe kuchukua maiti, mahali pengi jamaa waliwakataa, wengine wakawatupia mawe. Kiongozi wa sala aliyejua sababu ya katazo, na aliyejua kusalisha kutoka mbali bila kuwanyima wafiwa machozi yao, aliokoa watu. Ibada inampa katekista kazi ya mazishi. Ni nani amemufundisha jambo hilo katika kalasi?

Nina shaka nyingine. Barua inasema utumishi huu ni wa kudumu, kwa hiyo uchaguzi uwe wa makini. Vema. Lakini makini yetu hupenda diploma. Mujane aliyelinda sala ya kiwanja miezi mitano, asiye na cheti, atapita wapi? Katika parokia moja ninayoijua, kanisa lilipofunguliwa, watu waliambiwa warudi wote, na viongozi wa viwanja wakarudi kukaa kwenye benchi. Hakuna aliyewauliza walifanya nini, wala majina yao hayakuandikwa.

Na mifano tunayo kwetu. Maaskofu wa Kongo walichagua njia ya mashirika hai tangu 1961. Tangu 1975 Kardinali Malula aliwapa walayiki parokia za Kinshasa, wale «bakambi», watu wenye ndoa na kazi zao. Sheria ya Eklezya ya 1983, namba 517, ikaruhusu kitu kama hicho. Kwa hiyo ningependa kiongozi afundishwe akiwa kwake: atembee kwanza na mwenye kuzoea kazi, wawili wawili, padri awafikie kila mwezi, na shirika lenyewe liulizwe kabla ya kumusimika.

Mama mumoja wa wale wa 2020 aliniomba sala za kumuzika mutu asiyeruhusiwa kuguswa. Nilimuonyesha kitabu cha mazishi. Sala zipo, nzuri, ila kwa sehemu kubwa zinawaza kwamba sanduku liko mbele yetu. Tuliketi pamoja mchana mzima kuchagua zile zinazoweza kusemwa bila sanduku.