Stockholm: Mkongo Upo, Masikio Je?

Tunapokutana na kuisifu nchi hii iliyotupokea, mara nyingi tunaanza na mitambo. Si uongo, Stockholm ina mitambo. Stokab, kampuni ya jiji lenyewe, ilianzishwa mwaka 1994 na imetandaza mkongo wa fiba chini ya barabara zetu. Tangu mwaka 2003 ipo BankID, saini ya elektroniki ambayo leo hatuwezi kuishi bila hiyo. Kwa kipimo hicho, jiji hili liko tayari kuwashirikisha wakazi wake kwa njia ya dijitali. Lakini fundi hapimi bomba kwa kung'aa kwake. Hulipima kwa maji yanayofika upande wa pili.

Tuchukue kile Waswidi wanachokiita medborgarförslag, yaani pendekezo la mwananchi. Mwaka 2002 sheria iliziruhusu halmashauri kupokea mapendekezo kutoka kwa yeyote aliyeandikishwa kuwa mkazi. Si lazima uwe raia, wala uwe umefikia umri wa kupiga kura. Mtoto wa Rinkeby anaweza kuomba taa katika bustani, na ombi lake likapewa namba kama la profesa. Hilo ni jambo la heshima. Katika jiji letu mapendekezo hupelekwa kwenye kamati za maeneo, ambazo tangu mwaka 2023 ni 11, baada ya Rinkeby-Kista na Spånga-Tensta kuunganishwa kuwa Järva. Sheria inataka uamuzi utolewe ndani ya mwaka mmoja, ikiwezekana.

Bomba linapinda hapa. Kamati ya eneo inashughulika na bustani, chekechea, huduma za wazee na mambo ya namna hiyo. Shule za msingi, ramani za ujenzi na kodi za nyumba huamuliwa kwingine. Tena, wajumbe wa kamati hawachaguliwi na wakazi wa eneo. Huteuliwa na baraza la jiji lenye madiwani 101, kwa kufuata nguvu za vyama katika jiji zima. Kwa hiyo Järva inaweza kupiga kura upande mmoja na kuongozwa na upande mwingine. Intaneti huifikisha barua haraka, lakini haimfanyi anayeisoma awajibike kwa aliyeiandika.

Mfano wa pili tunaujua sisi wenye watoto. Mfumo wa shule wa jiji, Skolplattformen, uligharimu zaidi ya kroni bilioni moja, na wazazi wengi waliulalamikia. Mwaka 2020 mamlaka ya kulinda data iliupiga faini kwa sababu habari za watu zilikuwa wazi kwa wasiohusika. Mwanzoni mwa mwaka 2021 wazazi waliojua kuandika programu walitengeneza programu yao nyepesi, juu ya mfumo uleule. Kuna ushiriki gani wa dijitali ulio wa kweli kuliko huo? Jiji liliwazibia njia, kisha likapeleka habari polisi. Uchunguzi ulifungwa bila kosa kupatikana, na ndipo, katika vuli ya mwaka huohuo, jiji likakubali kuelewana nao. Mtu aliyealika wageni kisha akawafungia mlango, shida yake si ufunguo.

Mtu atasema mambo haya ni magumu kila mahali. Ni kweli. Lakini Vallentuna, kaskazini mwa Stockholm, chama kidogo cha Demoex kilipata kiti kimoja katika uchaguzi wa mwaka 2002, na diwani wake alipiga kura barazani kama watu walivyoamua kwenye intaneti. Kiti kimoja hakibadilishi bajeti. Hata hivyo kilionyesha kwamba sauti inaweza kuunganishwa na kura kwa vifaa vya kawaida kabisa.

Na tusidharau kwetu. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 196, inayalazimisha mabaraza ya kaunti kuwashirikisha wananchi. Mwaka 2014 Mahakama Kuu iliibatilisha Sheria ya Fedha ya Kaunti ya Kiambu kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Mkongo wa Kiambu haufui dafu kwa wa Stockholm, lakini huko asiyesikilizwa aliweza kwenda kwa hakimu na sheria ikaanguka. Hapa pendekezo lako likikataliwa, unapata barua nzuri.

Basi tunachodai si programu nyingine ya simu. Tunadai kila pendekezo lionyeshe hadharani nani aliamua, kwa sababu gani, na kama lilimzidi madaraka, lilipelekwa kwa nani. Hilo ni jedwali moja tu, fundi wa wiki mbili analiweza. Nasi tuna wajibu wetu. Tangu mwaka 1976, mgeni aliyeandikishwa nchini miaka mitatu mfululizo anapiga kura za manispaa, hata bila pasipoti ya Uswidi. Wangapi kati yetu wanaitumia haki hiyo? Waswahili husema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Tuandike mapendekezo, tuwasaidie wazee wetu wasio na BankID kuyaandika, kisha siku ya kura tuwaulize wagombea majibu yako wapi.