Chombo Hakina Dhambi

Ndugu msomaji, wako wenzetu ambao wakiuona mtungi wa Kimakonde wenye nakshi hugeuza uso. Husema kuwa chombo hicho kimetumika katika karamu za jando, pombe imetiwa ndani yake, basi hakifai nyumbani mwa Mwislamu. Kauli hii tuipime.

Kwanza tukitazame chombo chenyewe. Huko Newala na Masasi mfinyanzi ni mwanamke. Hana gurudumu, hukiinua chombo kwa mikono yake, akakichora kwa ncha kali udongo ungali mbichi, kisha akakichoma kwa kuni mahali pa wazi. Mara nyingi nakshi hukaa shingoni na mabegani, jicho linapofika kwanza; chini, panapokaa juu ya kata au mafiga, huachwa patupu. Huo ni uzuri wenye kiasi, nao umetokana na kazi. Juu ya uwanda wa Makonde maji yalikuwa shida, watu wakateremka mbali kuyafuata katika chemchemi za chini, kama za Ndanda. Abebaye maji hivyo hukiheshimu chombo chake.

Mwaka 1906 Mjerumani Karl Weule alifika Masasi na Newala, akaueleza ufinyanzi huo kwa makini, na vitu vingi vya nchi akavipeleka Leipzig. Maandishi yake yana faida. Lakini mtungi uliofungiwa kabatini haumnyweshi mtu: umbo limehifadhiwa, kazi imepotea.

Basi mmoja amekosea kwa kuchukia, mwingine kwa kustaajabu tu. Hukumu iko wapi? Mtume (S.A.W.) aliwahi kukataza vibuyu na mitungi iliyozoeleka kutiwa vileo, baadaye akaruhusu, akabainisha kuwa chombo hakihalalishi kitu wala hakikiharamishi, ila kila kilevyacho ni haramu. Alivyokataza kulia na kunywea ni vyombo vya dhahabu na fedha. Navyo ndivyo wengi wetu tunavyovitamani!

Na wazee wa pwani walipopachika bakuli za Kichina katika makaburi ya Kaole, hawakuuliza Mchina alinywea nini.

Leo ndoo ya plastiki imeshika mahali pa mtungi. Tukiacha pombe, tuiache pombe, tusimwache mfinyanzi. Tuununue mtungi wake, tuujaze maji safi, na mgeni wetu anywe kwa Bismillahi.

Wallahu a'lam.