Kwaya Iliyobaki Kwenye Mkanda

Mashabiki wengi wa roki hupima onyesho la jukwaani kwa swali moja: limefanana na santuri au halikufanana? Kwa nyimbo za Queen, swali hilo halikufikishi mbali. Bendi hii ya London ilirekodi mambo ambayo watu wanne hawawezi kuyapiga, ikijua hivyo tangu mwanzo, kisha ikapanda jukwaani na kuamua, wimbo kwa wimbo, nini kibebwe na nini kiachwe. Ufundi wao mkubwa uko katika maamuzi hayo, na pa kuanzia ni "Bohemian Rhapsody".

Freddie Mercury, aliyezaliwa Unguja mwaka 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara, ndiye aliyeutunga. Kurekodi kulianza Agosti 1975 katika studio za Rockfield, Wales, kukaendelea katika studio kadhaa za London, mtayarishaji akiwa Roy Thomas Baker pamoja na bendi yenyewe. Wimbo una dakika 5 na sekunde 55: utangulizi wa sauti tupu, sehemu ya taratibu yenye piano, solo ya gitaa, kipande cha opera, roki kali, halafu utulivu wa mwisho. Vipande hivyo vilirekodiwa kimoja kimoja, kisha mkanda ukakatwa na kuungwa.

Kipande cha opera kina urefu wa dakika moja hivi, lakini ndicho kilichokula muda na nguvu kuliko vyote. Walioimba ni watatu tu. Mercury alishika sauti ya kati, mpiga gitaa Brian May akashika ya chini, na mpiga dramu Roger Taylor akapanda juu kule ambako wanaume wachache hufika. Mpiga besi John Deacon hakuimba. Mashine ilikuwa na treki 24. Watatu hao waliimba mstari mmoja wa sauti, wakaurudia juu ya ule wa kwanza, wakaurudia tena, kisha wakahamia mstari wa pili na kuanza upya. Treki zilipojaa, zilichanganywa na kunakiliwa kwenye treki chache ili nafasi ipatikane, kazi ikaendelea. Hesabu inayotajwa kwa kawaida ni matabaka 180. Mkanda ulipita kwenye mashine mara nyingi kiasi kwamba utando wake wa sumaku ulipukutika, na wenyewe walisimulia kuwa ukiuinua kwenye mwanga ulikuwa unaonyesha.

Ukisikiliza kwa makini utagundua kwa nini hata kwaya ya kukodi isingetatua tatizo la jukwaani. Kwaya ya watu 60 ina makoo 60, kila moja na pumzi yake na lafudhi yake, na uzuri wake unatokana na tofauti hizo kuyeyukiana. Kwaya ya Queen ina makoo matatu yaliyozidishwa. Taylor anaimba na Taylor, na tofauti ndogo sana kati ya jaribio moja na lingine ndiyo inayoleta ule mng'ao mkali kama wa bati jipya juani. Juu ya hapo, sauti zimetawanywa kushoto na kulia, zinaitana na kujibizana kutoka spika moja hadi nyingine. Uwanjani, aliyekaa upande wa kushoto anasikia zaidi spika za kushoto, na nusu ya mchezo huo inapotea.

Wimbo ulitoka tarehe 31 Oktoba 1975, na katikati ya Novemba bendi ilikuwa tayari ziarani. Muda wa kutafuta suluhisho haukuwepo, wakaamua kuukata wimbo. Katika onyesho la Hammersmith Odeon, London, mkesha wa Krismasi wa mwaka huo, sehemu ya taratibu iliwekwa ndani ya mchanganyiko: inaanza, inaingia "Killer Queen", inafuata "The March of the Black Queen", halafu wanarudi kumalizia mwisho wa "Bohemian Rhapsody". Viungo vyake ni laini na piano inapita vizuri kutoka wimbo hadi wimbo. Hata hivyo, aliyeuzoea wimbo huo redioni anabaki na njaa, maana solo ya gitaa imemwandaa kwa jambo ambalo halitokei.

Suluhisho la kudumu lilipatikana katika ziara ya 1977. Wanaanzia kwenye piano, bila ule utangulizi wa sauti tupu. May anapiga solo. Kisha taa zinazimwa, wanamuziki wote wanne wanatoka jukwaani, na opera inatoka kwenye mkanda uleule wa studio huku taa za rangi zikifuata sauti zinavyoitana. Mwishoni kabisa, nota ya juu ya Taylor ikiwa bado inalia kwenye mkanda, baruti zinalipuka, taa zinawaka, na bendi nzima imeshasimama mahali pake ikigonga roki kwa mikono yake.

Wapo walioona huu ni udanganyifu. Mimi naona ni uamuzi wa heshima kuliko mwingine wowote ambao wangeweza kuufanya. Wangeweza kubaki jukwaani wakichezesha midomo mbele ya vipaza sauti. Walichagua kuondoka ili kila mtu ajue kwamba sasa anasikiliza santuri. Zaidi ya hapo, uamuzi huo uliwaondolea taabu kubwa ya kiufundi. Bendi inayopiga pamoja na mkanda inafungwa na kasi ya mkanda: mpiga dramu lazima ausikie muda wote, na akiteleza kidogo tu hana pa kurudia. Kwa Queen, mkanda ulikwenda peke yake. Sehemu moja tu ilihitaji shabaha, nayo ni pale opera inapomkabidhi May mpigo wake wa kwanza.

Kuna gharama iliyokuja na njia hiyo, na ndiyo inayonivutia zaidi. Mkanda haushushwi kii. Opera inapoishia, gitaa lazima liingie kwenye E bemoli ileile ya santuri, kwa hiyo wimbo mzima ulibaki pale ulipozaliwa, na sehemu ya taratibu ikabaki B bemoli. Mwimbaji mwingine aliyechoka angeomba wimbo ushushwe. Hapa njia ilikuwa imefungwa, na Mercury alikuwa akiimba saa mbili kwa usiku, usiku baada ya usiku, akiwa na vinundu kwenye nyuzi za sauti. Alichofanya ni kubadilisha njia ya melodia. Pale ambapo studio anapanda hadi B bemoli ya juu, jukwaani mara nyingi anageuka kabla ya kilele, anachukua nota nyingine ndani ya kodi ileile, na kuijaza kwa nguvu ya kifua. Sikiliza rekodi ya Montreal ya Novemba 1981, ambapo wako wanne tu jukwaani. Sentensi zinaishia chini kuliko kwenye santuri, lakini anazivuta nyuma ya mdundo wa piano, na uchungu wa yule kijana anayesimulia unakuwa mzito zaidi. Kwenye santuri anaomboleza kwa sauti nyembamba na safi. Montreal anaomboleza kama mtu mzima.

Roki inayofuata opera nayo imepungua unene, kwa kuwa magitaa yaliyopangwa kwa matabaka studio sasa ni gitaa moja la May, lile alilolitengeneza nyumbani akiwa kijana pamoja na baba yake. Pengo linazibwa na Deacon na Taylor, besi ikiongezwa uzito na matoazi yakiachwa wazi yalie. Mpigo wenyewe Mercury aliutunga kwenye piano, na kwa vidole vya mpiga gitaa haukai kirahisi. Kuusikia ukitoka mbichi, bila tabaka la kuficha kosa, kunaonyesha May alikuwa fundi wa kiwango gani.

"Love of My Life", wimbo wa albamu ileile ya 1975 yenye "Bohemian Rhapsody", ulifuata njia tofauti kabisa. Studio una piano, kinubi na sauti za matabaka. Jukwaani wakaufumua wote: May kwenye gitaa la nyuzi 12, Mercury kando yake, kii ikashushwa, kwaya ikawa ni watu waliolipa kiingilio. Hapa hapakuwa na mkanda wa kuwazuia, na unafuu huo unasikika kwenye koo la Mercury. Toleo hilo la jukwaani lilitolewa kama singo mwaka 1979.

Kisha kuna "We Will Rock You" ya 1977, ambako mambo yamegeuzwa juu chini. Safari hii studio ndiyo iliyohangaika kuiga uwanja. Walikuwa Wessex, London, jengo lililowahi kuwa kanisa, wakikanyaga mbao na kupiga makofi. May, aliyekuwa amesoma fizikia, hakutaka mwangwi wa kawaida. Sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo aliye mbali mita 100 anakusikia baada ya karibu theluthi moja ya sekunde. Alirudufu vishindo vile na kuvichelewesha kwa vipimo mbalimbali, kana kwamba kila kikundi cha watu kimesimama kwa umbali wake, na vipimo hivyo akavipanga kwa namba tasa ili visigawanyike kwa usawa na kusikika kama mwangwi. Matokeo yake ni umati mkubwa uliotengenezwa na watu wachache, bila dramu hata moja.

Jukwaani Taylor aliurudisha mdundo kwenye dramu, na ilibidi. Umati unahitaji kitu kimoja cha kufuata. Dramu inapigwa, walio mbele wanaisikia mara moja na kupiga makofi, walio nyuma wanaipata wakiwa wamechelewa na kupiga yao, na kofi lao linachukua muda uleule kurudi mbele. Ule mtawanyiko ambao May aliukokotoa Wessex unatokea wenyewe, bila mashine. Kwa wimbo huu naipenda zaidi rekodi ya uwanjani, maana uwanja ndio ulioandikiwa. Ajabu ni kwamba katika ziara za miaka ileile walifungua maonyesho kwa toleo la kasi la wimbo huo, gitaa na besi vikikimbia. Albamu ya *Live Killers* ya 1979 inaanza nalo, na toleo la taratibu linakuja karibu na mwisho.

"Bohemian Rhapsody" na "We Will Rock You" zilikutana Wembley tarehe 13 Julai 1985, kwenye tamasha la Live Aid. Kila kundi lilipewa kama dakika 20, na Queen walipanda jioni, jua la kiangazi likiwa bado linawaka. Opera ya mkanda ilihitaji giza, taa, baruti na jukwaa tupu, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichowezekana katika mwanga ule na muda ule. Mercury akakaa kwenye piano, akaimba sehemu ya taratibu kwa zile nota za chini alizozizoea, May akapiga solo yake hadi nota ya mwisho. Katika mlango uleule ambao kwaya huingilia, wakakata, wakaingia "Radio Ga Ga", na watu wapatao 72,000 wakainua mikono kupiga makofi.